Programu huria na hataza: kipengele tulichokiruka Chumbageni mpaka mnunuzi alipotuuliza

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu wenu. Nawaandikia hasa vijana wenzangu wanaotengeneza programu na kuziuza, na wenye biashara wanaozinunua.

Tuko watatu, ofisi yetu ipo Chumbageni. Kwa miaka minne tumekuwa tukitengeneza programu ya vituo vya kukusanyia maziwa. Mfugaji analeta maziwa alfajiri, mpokeaji anayapima, simu inaandika lita na jina, na mwisho wa mwezi malipo yanatoka bila watu kugombana kwenye daftari. Tulianzia Muheza, tukaja Pongwe, tukapanda Lushoto. Kisha akajitokeza mnunuzi wa nje ya nchi aliyetaka kuitumia programu hiyo katika nchi tatu. Bei ilikuwa nzuri, tukaanza kupiga mahesabu ya kuajiri.

Kabla ya mkataba akatuletea maswali, kurasa kumi na moja. La nne lilituzuia hapo hapo: orodhesheni kila kipande cha programu huria mlichotumia (yaani cha chanzo huria, ambacho mwenyewe amekiweka wazi wengine wakitumie), leseni yake, na kila leseni inasema nini kuhusu hataza.

Hataza, ile ambayo wengi tunaiita patenti. Leseni tulizifahamu kwa majina tu, MIT, Apache, GPL, kama mtu anavyofahamu majina ya vituo vya daladala bila kushuka hata kimoja. Mstari unaohusu hataza hakuna aliyewahi kuusoma kati yetu. Tulikesha siku tisa tukifungua leseni moja baada ya nyingine, na nataka niwape tulichokipata ili nanyi msije mkakesha hivyo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Hakimiliki inalinda kile ulichoandika. Hataza inalinda namna ya kufanya jambo. Nikinakili msimbo wako, yaani maandishi ya programu yako, nimegusa hakimiliki yako. Lakini nikiandika wangu mwenyewe toka mstari wa kwanza, sijauona wako hata kwa mbali, na ukafanya kazi kwa njia uliyoisajilia hataza, bado unaweza kunishtaki. Hakimiliki huivunji bila kunakili. Hataza unaweza kuivunja usiku mmoja hujui hata kama ipo.

Sasa chukua fundi wa madau pale Mwambani. Anakupa dau na karatasi inayosema: litumie, chonga jingine mfano wake, uza ukitaka. Karatasi haisemi neno kuhusu namna usukani ulivyofungwa, na namna ile fundi ameisajili kwa jina lake. Umechonga madau ishirini, umeyauza, anakuja kudai fungu lake kwenye kila usukani. Utamwonyesha karatasi. Atakwambia, karatasi ilihusu dau.

Leseni za MIT na BSD ni karatasi za namna hiyo. Ni fupi, nzuri, zinasomeka kwa dakika moja, na neno hataza halimo. Hazikukatazi, ila hazikuahidi.

Apache toleo la 2.0, la Januari 2004, inasema wazi. Kipengele chake cha 3 kinaeleza kwamba kila aliyechangia msimbo anakupa ruhusa ya hataza zake zinazoguswa na mchango wake, ukiwa peke yake au ukiwa umeunganishwa na kazi aliyouchangia. Ruhusa ni ya dunia nzima, haina malipo, na haiwezi kutenguliwa isipokuwa kwa sababu moja: ukimshtaki mtu yeyote ukidai kwamba kazi hiyo inavunja hataza yako, ruhusa ya hataza uliyopewa kwa kazi hiyo inakufa siku unapofungua kesi. GPL toleo la 3, lililotoka tarehe 29 Juni 2007, nayo ina ruhusa ya hataza, na inakukataza kufungua kesi ya hataza dhidi ya watumiaji wa programu hiyo. Ile ya zamani, toleo la 2 la mwaka 1991, ina kipengele cha 7: kama hataza au amri ya mahakama inakuzuia kuigawa programu kwa masharti ya leseni, basi usiigawe kabisa.

Hapa ndipo tulipojikwaa sisi. Ndani ya programu yetu kulikuwa na skrini moja ya grafu ambayo mwenzetu aliibeba kutoka kazi yake ya mwaka 2016. Ilikuwa na React ya zamani, laibrari (msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie) ya kujengea skrini za programu. Wengi wenu mnaitumia React, hivyo historia hii mnastahili kuijua.

React ya Facebook ilifunguliwa kwa umma mwaka 2013 ikiwa na leseni ya Apache 2.0. Mwaka 2014 wakabadilisha, wakaweka BSD pamoja na faili la pembeni lililoitwa PATENTS. Faili lile lilikupa ruhusa ya hataza, lakini sharti lake lilikuwa pana kuliko la Apache. Apache inakunyang'anya ukishtaki kuhusu kazi ile ile. Faili la Facebook lilikunyang'anya ukiishtaki Facebook au kampuni zake tanzu kwa hataza yoyote, hata kama kesi haina uhusiano wowote na React. Yaani una hataza ya kifaa chako cha kupimia maziwa, Facebook inakichukua, nawe ukienda mahakamani unapoteza ruhusa ya hataza kwenye laibrari iliyobeba biashara yako yote.

Julai 2017 Apache Software Foundation, shirika lenye leseni ya Apache, ikaliweka sharti hilo kwenye kundi la leseni zisizoruhusiwa ndani ya miradi yake. Agosti Facebook wakasema hawabadilishi. Katikati ya Septemba WordPress, wale wa programu ya kujengea tovuti, wakatangaza kwamba wataachana na React. Siku chache baadaye, tarehe 22 Septemba, Facebook wakatangaza kwamba React inahamia MIT, na toleo la 16 likatoka mwezi huo huo na leseni mpya. Sisi huku tulikuwa tunapima maziwa ya Muheza kwa toleo la zamani lenye faili lile, miaka mingi baada ya dunia kumaliza mjadala. Kulitoa kulituchukua siku mbili. Kugundua kwamba lipo ndiyo ilikuwa kazi.

Naomba michango yenu, na wanaojua sheria wanisahihishe.

Mdau wa Ngamiani

Mkuu, uzi mzito, ahsante. Lakini mimi nipo barabara ya 12, nauzia maduka ya dawa na ya vipuri programu ya stoo. Mteja wangu wa mbali kabisa yupo Korogwe. Hataza ya Marekani inanihusu nini? Nani atatoka huko kuja kunishtaki mtu wa Ngamiani?

Mwanzisha uzi

Kaka, swali lako ndilo tulilokuwa tunajibiana wenyewe miaka yote. Na kwa sehemu uko sahihi: hataza ina mipaka ya nchi. Iliyosajiliwa Marekani peke yake haina nguvu Korogwe.

Ila angalia vitu viwili. Programu ukiiweka kwenye duka la simu, inapakuliwa hata na mtu wa nje, na hapo umevuka mpaka bila pasipoti. Cha pili ndicho kilichotukuta sisi. Hakuna aliyetushtaki na huenda asingetokea wa kutushtaki. Aliyeuliza ni mnunuzi, kwa sababu yeye ndiye angesimama mahakamani huko kwao. Kama hatuna jibu, anapunguza bei au anaondoka. Nilimwona mwenzangu akiangalia yale maswali usiku wa kwanza, hakusema kitu kwa muda mrefu. Miaka minne ya kazi ilikuwa inasubiri orodha ambayo tungeweza kuiandika pole pole toka siku ya kwanza.

Wakili, Tanga mjini

Wadau, niongeze yangu. Hapa Bara tuna Sheria ya Hataza, Sura ya 217, na msajili ni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Mtu anaweza pia kupeleka maombi ARIPO, shirika la nchi za Afrika la mali za ubunifu, kule Harare na kuichagua Tanzania kuwa mojawapo ya nchi anazotaka ulinzi, kwa hiyo usiangalie daftari la BRELA tu ukadhani umemaliza. Na nyie wa Tanga mnaopeleka bidhaa Pemba, kumbukeni kwamba Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani na ofisi yake ya usajili. Kilichosajiliwa Bara hakivuki maji chenyewe.

Kuna jambo nataka kulikazia kwenye maelezo ya mwanzisha uzi, maana wasomaji wengi watalipita. Kwa Apache, ukishtaki unapoteza ruhusa ya hataza tu. Ruhusa ya hakimiliki inabaki. Leseni ya Mozilla, yaani MPL 2.0 ya mwaka 2012, ni kali zaidi hapo: ukianzisha kesi ya hataza dhidi ya programu hiyo, unapoteza haki zote ulizopewa na wachangiaji, za hataza na za hakimiliki pia. Lakini MPL inamhurumia aliyeshtakiwa kwanza. Ukijibu mapigo kwa madai yako ndani ya kesi ile ile, hupokonywi. Apache haina huruma hiyo. Imetaja wazi kwamba hata madai ya kujibu yanahesabika.

Kwa biashara ndogo tofauti hii si ndogo. Mara nyingi silaha pekee ya mdogo ni madai ya kujibu.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana dada wakili. Hilo la madai ya kujibu lilinipita kabisa, na nimeirudia Apache sasa hivi nimelikuta.

Kuna jambo sikulisema mwanzoni, na ni kubwa kuliko yote niliyoyaandika: leseni inamfunga aliyechangia. Mtu wa nje asiyechangia chochote, mwenye hataza yake, hafungwi na Apache wala GPL. Leseni haiwezi kukupa mali ya jirani.

Mfano wake ni video. Msimbo wa kubana video za H.264 upo wa chanzo huria, unaupata bure, lakini hataza za mfumo huo zilikuwa mikononi mwa kampuni nyingi zilizokusanya malipo kwa pamoja kupitia shirika moja. Mwaka 2013 Cisco wakatangaza OpenH264. Msimbo wake una leseni ya BSD, na Cisco wakakubali kulipia hataza, ila kwa faili walilolijenga wao, yaani msimbo waliokwisha kuugeuza kuwa programu tayari kutumika, na unalolipakua kutoka kwao. Ukiuchukua msimbo ule ule ukaujenga mwenyewe kwenye kompyuta yako, leseni ya BSD unayo, lakini malipo ya hataza ni juu yako. Msimbo mmoja, herufi kwa herufi, na hali mbili tofauti kisheria. Siku nilipolielewa hili niliacha kuamini neno "bure" peke yake.

Na mambo haya yana mwisho pia. Hataza za MP3 zilikwisha muda, na mpango wa kuuza leseni zake wa Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyoshiriki kubuni MP3, ukafungwa Aprili 2017. Kwa nchi nyingi hataza haizidi miaka 20 tangu kuwasilishwa kwa maombi. Hivyo wakati mwingine jibu la kweli ni kutumia njia ya zamani.

Mdau wa Makorora

Mimi nitatofautiana kidogo na mwanzisha uzi kuhusu MIT. Leseni ile inasema unaruhusiwa kutumia, kunakili, kubadilisha, kugawa na kuuza. Mtu akikupa ruhusa ya kutumia na kuuza kitu chake, kisha akurudie na hataza kwamba umekitumia na kukiuza, mahakama gani itamsikiliza? Ruhusa ya hataza imo ndani, japo haikutajwa. Msiwatishe vijana. Nusu ya laibrari wanazotumia ni MIT, wataacha kazi?

Mwanzisha uzi

Hoja yako ina uzito mkuu, na wapo wanasheria wa nje wanaoitetea hivyo hivyo, kwamba ruhusa imefichwa ndani ya maneno. Sisi pia hatukutoa hata laibrari moja ya MIT, na sisemi mtu azitoe. Hata hiyo React ya leo ni MIT.

Tunapotofautiana ni hapa. Ruhusa iliyoandikwa unaionyesha kwa kidole. Ruhusa iliyofichwa unaipigania kwa hoja, na hoja inahitaji wakili, na wakili anahitaji kulipwa, katika nchi ambayo hujawahi kukanyaga. Kampuni kubwa inaweza kusubiri miaka mitatu ishinde. Sisi tungefunga mlango mwezi wa pili. Kwa hiyo kwenye laibrari ndogo ya kupanga tarehe, MIT hainisumbui. Kwenye moyo wa programu, kitu kilichotoka kwa kampuni yenye hataza nyingi, nikipata mbili zinazofanya kazi sawa nachukua ya Apache.

Mdau wa Makorora

Kwenye moyo wa programu nakubali. Kwenye mahakama kuikataa hoja ya ruhusa ya ndani bado sikubali. Tuishie hapo.

Mwanafunzi

Shikamooni wakubwa. Nipo mwaka wa mwisho. Nimetengeneza programu ya kupanga madaraja ya nyuzi za mkonge kwa kamera ya simu. Unaziweka nyuzi juu ya ubao mweusi, inasoma rangi na urefu, inakuambia daraja. Nimeijaribu kwenye shamba moja la mkonge, wapangaji wazoefu wamekubaliana nayo mara nyingi. Nilitaka kuiweka GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo, usiku huu kwa Apache 2.0 ili watu waione na nipate kazi. Baada ya kusoma uzi nimeogopa. Je, nikiweka nimeshatoa hataza yangu?

Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri sana kuuliza kabla. Usiweke usiku huu. Si kwamba kuweka ni kubaya, ila mpangilio una maana.

Hataza inataka jambo liwe jipya. Ukishalianika hadharani, wewe mwenyewe unaweza kuwa umeua upya wake. Ulaya kwa kawaida hawakupi muda wa neema: kilichowekwa wazi leo hakisajiliki kesho. Marekani wanampa mvumbuzi mwaka mmoja. Kwa hiyo kama kuna uwezekano wowote wa kutaka hataza, maombi kwanza, GitHub baadaye.

Sasa tuseme umeshawasilisha maombi, ukaiweka kwa Apache. Kila atakayeitumia kazi ile amepata ruhusa yako bila malipo, na huwezi kuirudisha kwa kubadili mawazo. Mwenye shamba kubwa anaweza kuitumia akapata faida na asikupe shilingi, na yuko ndani ya haki yake. Lakini hujatoa kila kitu. Ruhusa inaifuata kazi uliyoitoa. Kampuni ikiandika programu yake mpya kwa njia yako, bila kutumia msimbo wako, haiwezi kujificha nyuma ya leseni yako.

Na kama hutaki hataza kabisa, unataka tu mkonge wa Tanga upangwe haki, hilo nalo ni jambo la heshima. Kuliweka hadharani lenye tarehe kunasaidia kumzuia mwingine asije akalisajili kama lake. Nimekulia jirani na watu waliozeeka kwenye mashine za kuchana mkonge, na natamani kuona kijana wa hapa hapa ndiye anayeamua kazi yake iende wapi.

Wakili, Tanga mjini

Mwanangu, swali la kwanza kabla ya yote hayo: umeifanya kwa vifaa vya nani? Kama ni kazi ya chuo, imesimamiwa na mwalimu, imetumia maabara au fedha za chuo, soma kanuni zao za mali za ubunifu. Leseni inatoa kile ambacho mtoaji ana mamlaka nacho. Ukiweka Apache juu ya kitu cha chuo bila idhini, unawapa watu ahadi ambayo huna uwezo wa kuitimiza, na watakaoumia ni wale waliokuamini.

Na tahadhari hiyo hiyo inawahusu walioajiriwa. Msichangie mradi wa nje kwa msimbo wa mwajiri mkidhani ni hisani yenu binafsi.

Mwanafunzi

Nimetumia kompyuta yangu na simu yangu, lakini mwalimu aliniongoza na ndiyo mradi wangu wa mwisho. Nitaongea naye kabla ya chochote. Ahsanteni sana.

Katibu wa ushirika wa wafugaji

Jamani mimi si mtu wa kompyuta. Ushirika wetu unanunua programu, hatutengenezi. Tukiletewa mkataba, tuulize nini? Maana mkisema hataza, sisi tunajua hati ya kiwanja.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Ulizeni mambo mawili, na myaandike ndani ya mkataba.

La kwanza, mpewe orodha ya vipande vyote vya chanzo huria vilivyomo, kila kimoja na toleo lake na leseni yake. Muuzaji akisema hana, ajipe wiki mbili atengeneze. Sisi sasa tunayo, inajiandika kila tunapojenga toleo jipya, na yeyote anayetaka nitamwonyesha tunavyofanya.

La pili, nani atabeba mzigo mtu akija kudai. Karibu leseni zote za chanzo huria zinasema kazi inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Maana yake waliotengeneza vile vipande hawatasimama nanyi. Apache katika kipengele cha 9 inamruhusu muuzaji kuwapa wateja wake dhamana, ila kwa jina lake mwenyewe na kwa jukumu lake mwenyewe. Basi muulizeni anayewauzia kama atasimama. Sisi tulimwandikia mnunuzi wetu kwamba tutasimama kwa msimbo tulioandika wenyewe, na kwa vipande vya wengine tutabadilisha kile kitakacholalamikiwa ndani ya siku thelathini. Alikubali, tukasaini.

Katibu wa ushirika wa wafugaji

Marahaba baba. Hilo la pili hatukuwahi kuliuliza. Mkataba wetu unaisha mwezi wa sita, nitauleta mbele ya kamati na maswali haya yakiwa yameandikwa juu yake.

Mdau wa Ngamiani

Mkuu, ile orodha inayojiandika yenyewe, naomba nipite Chumbageni Jumamosi unionyeshe. Nimeanza kuhesabu vya kwangu kwa mkono, nimefika mia moja na kumi na bado sijafungua folda ya pili.

Mwanzisha uzi

Njoo saa nne asubuhi, kaka. Tupo.